Wiki Nzima Jua

Etobicoke, Jumanne, 14 Oktoba

Mdogo wangu Gervais,

“Wiki nzima ni jua, Dada. Tulia, hakuna mtu anayekufa kwa baridi ya Oktoba.” Hayo ndiyo maneno yako ya jana, kabla hujanikatia simu. Ndiyo maana leo naandika, nakutumia kwenye simu hiyo hiyo. Barua haikatwi.

Nakusalimu kwanza, nisije nikaonekana sikulelewa. Mimi mzima. Brice mzima, ila mgongo wake unalalamika tangu wamhamishie zamu ya usiku kiwandani. Darlène yuko chuoni, anakula vizuri, namwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida. Ninyi huko ng'ambo ya jiji, Flemingdon Park, mmeamkaje? Nauliza huku jibu ninalo. Jumapili baada ya ibada nilikuwa hapo kwenu na nilimkuta Mama anamenya viazi amevaa koti langu la zamani, kofia ya sufu, na soksi juu ya soksi. Jikoni, Gervais. Nikagusa radieta ya kupashia nyumba joto: baridi kama chuma cha geti.

Sasa tuichukue hoja yako tuipasue. Utabiri unaonyesha jua, sawa, nimeuona. Ni utabiri wa wapi? Wanapima kwenye uwanja wa ndege. Mama haishi uwanja wa ndege. Anaishi ghorofa ya kumi na tano juu ya bonde la mto Don, upande wa mashariki, ambako jua hupita asubuhi kama mgeni mwenye haraka, halafu ni kivuli mpaka kesho. Unaniambia nyuzi kumi na sita. Saa ngapi? Saa nane mchana. Alfajiri ni nyuzi nne, na mzee huamka alfajiri. Ofisi ya jengo lenu inachukua ile ya mchana, inaibandika juu ya wiki nzima, inasema kuna joto. Hiyo ni hesabu ya mtu ambaye halali humo. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba tangu nyumba zianze kupangishwa, mwenye nyumba hajawahi kukosa karatasi ya kumwonyesha mpangaji kwamba hasikii anachosikia.

Mimi kazini nawafunika wazee wa watu wengine blanketi zilizopashwa moto. Mama yangu mwenyewe anapumua moshi mbele ya sufuria ambayo haijawekwa jikoni.

Wewe ndiye msimamizi wa jengo hilo. Ufunguo wa chumba cha boila, mtambo unaopasha radieta zote, umeufunga pamoja na ufunguo wa gari, nimeuona. Mama ana miaka sabini na minane na mapafu yaliyoumwa kwetu Uvira kabla wewe hujazaliwa. Washa boila.

Dada yako,
Épiphanie


Flemingdon Park, Alhamisi, 16 Oktoba

Dada yangu Épiphanie,

Pokea salamu zetu, zangu na za Mama. Tumeamka, tunashukuru. Mama anakohoa asubuhi, akishapata chai anatulia. Mpe shemeji pole ya mgongo. Darlène mwambie mjomba wake anamkumbuka, ajibu kwa lugha yoyote.

Nisamehe kwa simu. Nilikuwa na wapangaji wawili mbele yangu na bomba linavuja nyuma yangu. Lakini Dada, unaandika kana kwamba boila ni jiko la mkaa, ukisikia baridi unakoleza, ukisikia joto unamwagia maji. Ya kwetu ni kuukuu. Ikishawashwa, ofisi hairuhusu izimwe mpaka Mei, kwa sababu kila ikizimwa na kuwashwa, mabomba yanapasuka mahali fulani. Kwa hiyo kila Jumatatu meneja ananitumia utabiri wa siku saba. Kama kuna siku za joto mbele, tunasubiri Jumatatu nyingine. Na msimu huu wa hapa unaujua: Jumanne unaona theluji inapepea, Ijumaa watu wamevaa kaptula. Mwaka juzi waliwasha mapema, joto likarudi, wapangaji wakafungua madirisha, gesi yote ikaenda kuipasha mbingu. Msimamizi wa wakati ule akaondolewa. Ndivyo nilivyopata kazi mimi.

Na nyumba tunayolala ni nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, nayo imeisha. Najua unafikiria kupiga simu jijini, kwa wakaguzi wa nyumba. Jina litakaloandikwa kwenye mashtaka hayo halitakuwa la mwenye jengo, litakuwa langu. Nakuomba usipige.

Nimemnunulia Mama hita ndogo ya umeme. Nikitoka tu anaichomoa. Anasema aliiona nyumba ya jirani Uvira ikiungua umeme uliporudi kwa nguvu, hawezi kulala na kitu chekundu kinachomtazama.

Halafu niseme jambo moja, usinirukie. Kwako kuna joto. Chumba cha Darlène ni kitupu tangu aende chuoni. Kwa nini Mama asikae huko mpaka boila iwashwe? Nilimwuliza jana. Alinitazama kama nimetukana kanisani. Akasema, “Nilale chini ya paa moja na mkwe wangu? Mimi? Nikutane naye mlangoni ameshika taulo?” Unaikumbuka ile Pasaka mliyomwalika. Mama alikula chumbani mlango umefungwa, na Brice akabeba sahani yake akaenda kula wali ndani ya gari, kule kwenye maegesho, injini inanguruma. Siku ile nilicheka. Sasa sicheki.

Mdogo wako,
Gervais


Etobicoke, Ijumaa, 17 Oktoba

Gervais,

Salamu nilikutumia juzi, tumia hizo hizo.

Usinigeuzie hoja. Nimekuuliza habari za boila, unanijibu habari za wali wa Brice. Brice ana miaka hamsini na mitatu. Tangu siku alipokuja nyumbani kunichumbia hajamtazama Mama usoni wala hajalitamka jina lake, na hakuna aliyemlazimisha. Mama naye akisikia sauti ya Brice kwenye simu huinamisha kichwa, kana kwamba simu ina macho. Wameheshimiana hivyo maisha yao yote, katika vita, kambini, na katika nchi hii ambayo haijui hata neno la kuitia heshima hiyo. Leo, kwa sababu kampuni inabana gesi, unataka niwaambie wakutane mlangoni pa choo? Wao wakaze mkono, sisi tuvue heshima? Ndivyo inavyokuwa kila mara. Mwenye nguvu anabaki alivyo, na asiye nayo anaambiwa abadilike kidogo tu.

Umesema mwenyewe kwamba msimu huu ni kigeugeu. Basi ukiwa na kitu kigeugeu na mzee wa mapafu mabovu, unajiandaa kwa siku ile mbaya, si kwa siku ile nzuri. Hilo halihitaji shule. Mwambie meneja wako aje alale kwenu mara moja, na asije na koti.

Sitapiga simu jijini. Lakini ujue nimejizuia kwa ajili yako, si kwa ajili yao. Jumapili naleta blanketi.

Dada yako, ambaye hajatulia,
Épiphanie


Flemingdon Park, Jumatano, 22 Oktoba

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umepoa. Hapa hatujambo. Blanketi limefanya kazi, Mama anatembea nalo mabegani kama askofu.

Lazima nikuambie kwamba Mama amenishurutisha nimsomee barua zako zote. Alisikia simu yangu ikilia ile Ijumaa, akasema hasira ya Épiphanie anaijua hata kabla haijafunguliwa. Nikasoma. Pale pa wali wa Brice alicheka mpaka akakohoa. Pale uliposema hakuna aliyemlazimisha Brice, akaniambia nirudie. Kwa hiyo ukiniandikia, ujue unamwandikia na yeye.

Nina habari njema. Utabiri wa meneja umetoka vizuri kuliko wote: picha saba za jua zimepangwa mstari, hakuna hata wingu. Nimemwonyesha Mama kwenye simu ili atulie. Namba haoni vizuri siku hizi, lakini picha anaziona. Aliweka kidole juu ya kila jua, moja baada ya jingine, akasema, “Basi Mungu ametukumbuka na huku.” Sikutaka kumharibia furaha.

Kesho nitashinda kwenye maegesho ya chini, kuna mitaro imeziba majani. Majani ya msimu huu ni adui kuliko theluji. Jumapili njoo na muhogo kama umeupata.

Mdogo wako,
Gervais


Flemingdon Park, Ijumaa, 24 Oktoba

Dada,

Sina salamu. Nimekupigia tena na tena, najua uko zamu na simu zenu zinafungiwa kabatini. Mama yuko hospitali. Wamemwekea oksijeni. Wanasema ni nimonia.

Nakueleza ilivyokuwa, uniseme ukishamaliza kusoma. Jana asubuhi nilishuka kwenye maegesho kama nilivyokuandikia. Mama akaona jua limefika kwenye balkoni. Akazikumbuka zile picha. Akafungua mlango wa balkoni wote, jua liingie lipashe nyumba. Si ndivyo tulivyokuwa tukifanya Uvira? Nyumba ya saruji ikiwa na ubaridi, unafungua mlango na joto la nje linaingia. Akavuta kiti mpaka mlangoni, akavua koti, akavua kofia, akakaa na kitenge chake aote jua. Akasinzia. Jua likapita. Unajua linavyopita pale. Mbingu ilikuwa safi kabisa, na siku ya mbingu safi hapa ndiyo siku ya baridi inayokata, lakini nani alimwambia? Mimi nilimwonyesha jua saba. Namba zilizo chini yake sikumsomea.

Nilipopanda kula mchana, pazia lilikuwa linapepea kwa upepo wa bondeni na Mama yuko pale pale kwenye kiti. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimbeba. Alifungua macho akasema, “Gervais, jua la huku limeharibika.”

Njoo.

Gervais


Hospitali, Jumapili, 26 Oktoba

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye korido. Wewe umetoka, mimi nimeingia, tunapishana kama walinzi na hatupati hata muda wa kukaa pamoja. Mama anakusalimu. Ameonja uji. Ameuliza kama umekula. Yuko vile na bado anauliza hilo.

Umesema nikuseme. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno ya kutosha kukuvua ngozi, nikafika nikamwona anavyoitafuta pumzi, kifua kinapanda kama kinapanda ngazi. Maneno hayo nimeyaacha mlangoni. Wewe ulimwonyesha jua kwa upendo. Sitaki uende na hilo kichwani kama ndiwe uliyefungua mlango.

Lakini ofisi siisamehe, na usiniombe niisamehe. Jua lile lile walilituma wao, kwa macho mazima, na namba wakaziona. Mama aliisoma picha akakosea. Wao walizisoma namba wakachagua. Hayo si makosa ya aina moja, na asije mtu akaniambia ni hali ya hewa. Hali ya hewa haina ufunguo.

Daktari amesema Jumatano anaweza kutoka, ikiwa nyumba anayokwenda ina joto. Kama haina, asirudi huko, kwa sababu mapafu haya hayatavumilia mara ya pili. Alilirudia neno hilo polepole, akanitazama kuhakikisha nimeelewa Kiingereza chake. Nimeelewa.

Nimemwuliza Mama tena kuhusu kwangu. Safari hii mimi mwenyewe, nimeushika mkono wake. Ametikisa kichwa na ile mipira puani. Akasema, “Nimeubeba uzee wangu vizuri mpaka hapa. Usinitie aibu mwishoni.” Nikamweka shuka sawa. Mimi mwenye mdomo huu, Gervais! Mama amenilaza kwa sentensi mbili akiwa amelala chali.

Sina hoja leo. Nakuomba. Ufunguo uko mfukoni mwako.

Dada yako,
Épiphanie


Flemingdon Park, Jumanne, 28 Oktoba

Dada yangu,

Nakusalimu kwa mikono yenye masizi. Nimewasha.

Jana meneja alituma utabiri. Anasema joto linarudi mwishoni mwa wiki, nyuzi kumi na nane, ishirini, labda zaidi. Akaandika kwa herufi kubwa: TUNASUBIRI. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye lifti na mama mmoja wa Kiafghani aliyembeba mtoto ndani ya koti lake, kichwa tu kinachungulia. Nikashuka naye chini, nikamfungulia mlango, halafu badala ya kupanda nikaenda chumba cha boila.

Mabomba yaligonga jengo zima kama watu wenye nyundo. Wapangaji walinipigia simu wakidhani kuna wanaobomoa. Nimekaa chumbani kwa Mama na mkono juu ya radieta mpaka ikaniunguza, na sikuuondoa upesi. Kitanda nimekisogeza upande ule. Mlango wa balkoni nimeufunga kwa skrubu.

Ofisi bado hawajui. Baridi ikija, hakuna atakayeuliza ni nani aliyewasha, wataona nimefanya kazi. Utabiri ukiwa wa kweli, nimekwisha. Kwa hiyo Dada, wewe unayejua kuomba kwa sauti, omba uwe wa uongo.

Mdogo wako,
Gervais


Etobicoke, Alhamisi, 30 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi,

Unaendeleaje, na mgonjwa wetu anaendeleaje tangu nilipomwacha jana kitandani kwake, amevua kofia? Amevua kofia mwenyewe, uliona? Nilitoka pale nikalia kwenye kituo cha basi, na wewe unajua mimi hulia nikiwa nimegombana tu.

Nimeomba. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kupiga magoti kuomba baridi. Brice alinikuta, akauliza naombea nini. Nikamwambia naombea theluji. Akasema amina, akaenda kuoga. Ndiyo maana nimekaa naye.

Ulilofanya sitalisahau. Mtu mwenye kazi moja na nyumba moja ameviweka vyote viwili chini ya boila. Nilikuita mwoga kwa watu, sasa nakwenda kulifuta kwa watu hao hao.

Dada yako,
Épiphanie


Flemingdon Park, Jumatano, 5 Novemba

Dada yangu Épiphanie,

Natumaini mko salama. Nimeona simu zako zote. Sikuzipokea kwa sababu Mama alikuwa karibu, na sauti yangu haikuwa nzuri. Yeye anaendelea vyema. Anapumua mwenyewe, anatembea mpaka dirishani na kurudi.

Utabiri ulikuwa sahihi, Dada. Jumamosi ilifika nyuzi ishirini na mbili. Kule bondeni watu walikuwa wanakimbia na fulana. Ndani ya jengo, upande wa kusini, ilikuwa tanuri. Mzee Anverali wa ghorofa ya tisa, yule wa Tanga, alinikamata kwenye lifti amevaa singlendi, amening'iniza taulo shingoni. “Gervais,” akasema, “mimi nimelikimbia joto la Tanga tangu ujana wangu. Wewe ndiye umetumwa ulilete?” Tukacheka. Jumapili hakucheka tena, maana mkewe Kanizfatema alipandwa na presha wakaita gari la wagonjwa. Nisingeweza kuizima. Mabomba yangepasuka, na kama yasingepasuka, Mama angelala wapi? Upande wote wa kusini ukatia sahihi malalamiko, yakaenda ofisini.

Jumatatu meneja alikuja mwenyewe. Hakupaza sauti. Aliuliza nani aliniruhusu, nikamweleza habari za Mama. Alisema pole, alisema na yeye ana mama. Halafu akanyoosha mkono nimpe funguo.

Sheria ya hapa inampa msimamizi aliyeachishwa wiki moja kutoka kwenye nyumba ya kazi. Wiki moja. Jumatatu ijayo tuwe tumetoka. Nimezunguka kutafuta hata chumba kimoja. Kila mahali wanataka barua ya mwajiri, na barua niliyo nayo ndiyo hii ya kunifukuza. Jana Mzee Anverali alipanda mpaka kwetu, amevaa vizuri, na fimbo yake. Akasimama mlangoni akakataa kukaa. “Kijana, mimi nilitia sahihi juu ya joto,” akasema. “Sikutia sahihi juu yako.” Alikuwa ametoka ofisini kuwaambia hivyo. Walimjibu kwamba amechelewa.

Jambo la ajabu ni kwamba boila inaendelea kuwaka. Kwa utaratibu wao wenyewe hawaizimi mpaka Mei. Jengo zima lina joto, tunaotoka ni sisi.

Mama bado hajui. Leo ameniuliza kwa nini nafunga masanduku, nikasema napanga nguo za baridi.

Utabiri wa wiki nilijizuia nisiutazame, nimeshindwa. Joto linaisha kesho. Ijumaa mvua, Jumamosi mvua na upepo, Jumapili theluji kuanzia jioni. Jumatatu, siku yetu, wameweka picha ya jua. Chini yake kuna namba iliyo chini ya sifuri. Safari hii nimeisoma.

Dada, sijui niende wapi na mama yetu.

Mdogo wako,
Gervais


Etobicoke, Ijumaa, 7 Novemba

Mdogo wangu Gervais,

“Utabiri ulikuwa sahihi, Dada.” Umeandika hivyo kama mtu anayetubu, na mimi siipokei toba hiyo. Utabiri ulikuwa sahihi kuhusu hewa. Kuhusu watu haukusema neno. Haukusema kwamba Mama atatoka hospitali akute chumba chenye joto, alale, na baada ya siku chache atembee mpaka dirishani bila mpira puani. Hilo halikuwa kwenye picha zao. Hilo umelifanya wewe, na anayetaka kukuita mjinga kwa sababu Jumamosi ilikuwa na jua, anitafute.

Natumaini umelala hata kidogo. Sisi wazima, sasa tumetengana kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Msimu huu nimegombana na mwenye jengo, nimegombana na meneja, na mtu wa hali ya hewa, na wewe. Mlango mmoja tu sikuugombania, nao ulikuwa wangu. Ulinionyesha mapema kabisa, nikakurukia kwa maneno mazuri. Yalikuwa maneno mazuri, hata sasa nayasoma nayapenda. Lakini hayakumfunika mtu.

Jana asubuhi Brice alitoka zamu akanikuta mezani na barua yako. Sikumwomba kitu, naapa. Alisoma amesimama. Akavua viatu, akakaa, akasoma tena, akavivaa viatu vyake. Akasema, “Yule mama akilala nje kwa ajili ya kuniheshimu mimi, nitamwambia nani kwamba hiyo ni heshima?” Nikafungua mdomo nibishe, kwa mazoea tu. Nikaufunga, nikaenda kumshushia begi. Jioni alikuwa amekwisha kuhama. Amekwenda kwa Yvan, mwenzake wa kiwandani, kule mtaa wa Jane na Finch, kuna kitanda sebuleni. Amebeba nguo, mto wake wa mgongo, na sahani moja. Anasema Jumapili atakuja kula kwenye gari kama Pasaka, nimshushie wali. Atakaa huko mpaka Mama awe na mahali pake, hata ikiwa ni mpaka Mei. Darlène nilipomweleza akaniuliza, na safari hii kwa Kiswahili, kama Nyanya anapenda chumba chenye mwanga au chenye giza.

Wewe utalala sebuleni kwangu. Ofisi yako tutaishughulikia baadaye, mimi na wewe na Mzee Anverali na fimbo yake. Barua yao nimeshaianza, na haina salamu.

Sasa mwite Mama. Mwambie ukweli kuhusu masanduku, hatutamwonyesha tena picha bila namba. Halafu msomee haya yanayofuata kwa sauti, polepole, kwenye sikio lake zuri.

Mama, nakusalimu. Ni Épiphanie, na sikugombani.

Viatu vya mkwe wako haviko mlangoni. Taulo lake haliko. Kitanda utakacholalia ni cha mjukuu wako, hakijawahi kulaliwa na mwanamume. Utasema nyumba ni yake hata akiwa hayupo. Mama, mkataba wa nyumba una majina mawili, na la kwanza ni langu, hilo ulilonipa wewe. Hutakutana na mtu koridoni ila mimi.

Uliniambia nisikutie aibu mwishoni. Nimeliwaza sana neno hilo. Aibu ipo, sikatai, lakini haikuwahi kuwa yako. Wenye aibu ni waliokutazama kwenye karatasi wakakuona una joto. Waachie mzigo wao. Na huyu aliyetoka hapa jana ametoka ameinamisha uso, kama siku ile ya kwanza alipoingia uani kwetu na hukumtazama. Hajakuvunjia lolote. Ukikataa kuja, atakuwa amehama nyumbani kwake bure, na utakuwa umemkataa mkwe wako baada ya miaka yote hii ya kumheshimu.

Nakuja Jumapili tukitoka ibadani, kabla theluji haijashika barabara. Usiende dirishani kuangalia kama kuna jua. Vaa koti, Mama. Funga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mshike Gervais mkono, na mshuke chini.

Binti yako,
Épiphanie